Molière, Mchekeshaji Aliyejicheka

Kuchekesha ni kazi ambayo watu huipenda na kuidharau kwa wakati mmoja. Anayetuliza kwa hadithi ya huzuni twamwita msanii. Anayetuchekesha twamwita mcheshi, na akishatupa kisogo twamwita mpuuzi. Twadhani ya kwamba machozi yana uzito na kicheko hakina. Lakini fikirini, vijana. Ni nani kati yenu asiyeikumbuka siku aliyochekwa darasani? Adhabu ya mwalimu husahauliwa kabla ya jua kuchwa, bali kicheko cha wenzetu hukaa moyoni miaka mingi. Kitu chenye nguvu kama hiyo si kitu chepesi. Chaweza kumrudi mkosefu, na chaweza kumwumiza asiye na kosa. Kwa hiyo kila anayekishika kicheko kuwa silaha yake yafaa aulizwe maswali mawili: Wamcheka nani? Na wewe mwenyewe umesimama wapi unapocheka?

Nataka kumwuliza maswali hayo mtu mmoja aliyeishi Ufaransa zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, ambaye ulimwengu wamjua kwa jina la Molière. Alikuwa mchezaji wa jukwaani, mtungaji wa michezo, mkuu wa kundi la wachezaji na mtumishi wa mfalme. Alifungwa kwa madeni, akashangiliwa katika majumba ya enzi, mchezo wake ukapigwa marufuku, akazikwa usiku. Yote hayo yalimpata mtu mmoja katika umri wa miaka hamsini na mmoja. Wengi humsifu kwa sababu aliwacheka wanafiki, mabahili na matabibu wa uongo. Mimi naona sifa yake iliyo kubwa zaidi iko mahali pengine: alijiweka mwenyewe mahali pa kuchekwa. Na pale alipokosea, alikosea kwa kuwa alisahau kujiweka hapo.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Jean-Baptiste Poquelin. Alibatizwa mjini Paris tarehe 15 Januari 1622. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa na mapambo ya nyumba: mapazia, mazulia, na viti vilivyowambwa kwa nguo. Biashara ilistawi, na mwaka 1631 baba akapata cheo cha fundi wa mapambo katika nyumba ya mfalme. Cheo hicho kiliweza kurithiwa, na mwaka 1637 kijana aliapishwa kuwa mrithi wake. Mama yake alikuwa amekufa mwaka 1632, mtoto akiwa na miaka kumi tu. Alisomeshwa katika Chuo cha Clermont, shule ya Wajesuti iliyosifika sana. Basi mbele yake palikuwa na njia iliyofagiwa: elimu, mali, na cheo kinachomngoja.

Aliiacha njia hiyo. Mwaka 1643, akiwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, alikikana cheo cha baba yake, akaungana na Madeleine Béjart, mchezaji wa kike mwenye kipaji kikubwa, pamoja na wenzao wachache, wakaanzisha kundi waliloliita l'Illustre Théâtre, maana yake Jukwaa Tukufu. Mwaka uliofuata alianza kujiita Molière. Msomaji na ajue hali ya siku zile: mchezaji hakuhesabiwa kuwa mtu wa heshima. Kanisa katika Ufaransa lilimwona kuwa mtu aishiye katika dhambi, asiyeweza kuzikwa kwa ibada ila aikane kazi yake kabla ya kukata roho. Kijana aliyeacha cheo katika nyumba ya mfalme ili apande jukwaani alikuwa kana kwamba ametoka sebuleni akaenda kukaa jalalani.

Tena utukufu wa kundi hilo ulikuwa katika jina tu. Watu hawakuja. Madeni yalizidi, hata mwaka 1645 Molière akatiwa gerezani kwa siku chache. Miongoni mwa waliomdai alikuwamo mwuza mishumaa, maana majumba ya michezo ya wakati ule yaliangazwa kwa mishumaa. Alipofunguliwa aliuacha mji wa Paris, akazunguka mikoani na wenzake muda wa miaka kumi na mitatu.

Miaka hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake ya pili, na naithubutu kusema kuwa ilimfaa kuliko ile ya kwanza. Walicheza Lyon, walicheza Pézenas na miji mingine ya kusini, mara katika kumbi za matajiri, mara katika mabanda ya kuchezea mpira. Mwanamfalme wa Conti aliwafadhili kwa muda, kisha akashika dini kwa ukali, akawaondolea ufadhili wake na kuwa adui wa michezo yote. Huko mikoani Molière alijifunza jambo ambalo halifundishwi kwa kitabu. Mtu aliyechoka kwa kazi ya kutwa hacheki kwa adabu wala kwa kumpendeza mtungaji. Kama mchezo haumhusu, huenda zake. Basi mtungaji hana budi kumtazama mtu huyo kwa makini: jinsi anavyotembea, anavyoficha fedha zake, anavyojipendekeza kwa mkubwa, anavyowaogofya walio chini yake. Katika miaka hiyo Molière alianza kutunga michezo yake mwenyewe.

Tarehe 24 Oktoba 1658 kundi lilicheza mbele ya Mfalme Louis wa Kumi na Nne, aliyekuwa kijana wa miaka ishirini. Walianza na tanzia ya Corneille, mtungaji mkubwa wa zama zile, na haikuwasisimua sana waliohudhuria. Hapo Molière akajitokeza mbele ya mfalme, akaomba ruhusa ya kuonyesha ramsa fupi aliyoitunga mwenyewe, ya aina ile iliyowafurahisha watu wa mikoani. Mfalme alicheka. Kwa kicheko hicho kundi lilipewa ukumbi mjini Paris, na mtu aliyetoka mjini humo kwa aibu ya madeni akarudi kwa mlango wa mbele.

Yafaa tutue kidogo hapa. Molière mwenyewe alipenda tanzia. Alitamani kuigiza wafalme na mashujaa, na mwaka 1661 alionyesha mchezo wake wa namna hiyo, Dom Garcie de Navarre, watu wakaukataa. Wako wasanii wengi ambao wangaliona kuwa kosa ni la watu. Yeye aliukubali ukweli uliomwuma: alipokuwa mzito alichosha, na alipokuwa mcheshi alipendwa. Naona kwamba hapo ndipo alipoanza kujicheka, nako kujicheka hakuanzi bila ya kujijua.

Sasa tuitazame michezo yake, na tuanze na ule uitwao Shule ya Wake, L'École des femmes, ulioonyeshwa mara ya kwanza mwezi wa Desemba 1662. Arnolphe ni mwanamume wa miaka arobaini na miwili aogopaye kudanganywa na mke kuliko aogopavyo kifo. Kwa hiyo amemlea msichana, Agnès, tangu utotoni katika ujinga mtupu, kwa tamaa ya kumwoa atakapokua. Maana adhani ya kuwa asiyejua kitu hajui kudanganya. Tena Arnolphe amebadilisha jina lake ili lisikike kama la kabaila. Kijana Horace, asiyejua ya kuwa majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, ampenda Agnès, na kila hatua ya mapenzi yao aja kumsimulia Arnolphe kama rafiki. Hadhira yaangua kicheko kila mara Arnolphe anapolazimika kutabasamu huku moyo wamwungua.

Ni nani aliyemwigiza Arnolphe? Molière mwenyewe. Na Molière huyo, mwezi wa Februari wa mwaka ule ule, akiwa na miaka arobaini, alikuwa amemwoa Armande Béjart, msichana aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka ishirini. Naye pia alikuwa amebadilisha jina lake. Basi aliposimama jukwaani alikuwa kama mtu aliyewaambia watu wa Paris: mwachekeeni mbali? Huyu hapa. Maadui zake waliyaona hayo, wakamsengenya bila huruma. Lakini faida iliyopatikana katika mchezo ni kubwa. Kuelekea mwisho Arnolphe agundua kwamba ampenda kweli msichana yule aliyemfanya mfungwa, na sasa ambembeleza, yeye aliyekuwa akiamuru. Hapo kicheko hutukwama kooni. Twaona ya kuwa mtu huyu ni mjinga, dhalimu, na tena aumia. Mtungaji aliyesimama mbali na mhusika wake asingaliyajua maumivu hayo, seuze kuyaandika.

Sasa tuje kwenye mchezo uliomletea taabu kubwa kuliko yote, Tartuffe. Tartuffe ni mtu ajifanyaye mtakatifu. Aingia katika nyumba ya tajiri Orgon, asali kwa sauti, anung'unikia dhambi ndogo ndogo, na huku ala chakula cha Orgon, atamani mke wa Orgon, na mwisho ajipatia nyumba na mali ya Orgon. Katika sehemu moja Orgon arudi kutoka safarini, na mtumishi amwambia kuwa mkewe alikuwa mgonjwa wa homa. Orgon hamwulizi lolote juu ya mkewe. Auliza hali ya Tartuffe. Aambiwa Tartuffe ala vizuri na kulala vizuri, naye amhurumia Tartuffe. Mtumishi arudia habari ya mgonjwa, na bwana arudia huruma yake kwa aliyeshiba.

Mchezo huu ulionyeshwa mbele ya mfalme huko Versailles tarehe 12 Mei 1664, ukakatazwa kuonyeshwa hadharani. Kasisi mmoja aliandika kwamba mtungaji wake astahili kuchomwa moto. Mwaka 1667 Molière aliurekebisha na kuuonyesha tena. Siku ya pili yake ukapigwa marufuku, na Askofu Mkuu wa Paris akatangaza kuwa atakayeutazama au kuusoma atatengwa na Kanisa. Ruhusa haikupatikana mpaka tarehe 5 Februari 1669. Miaka mitano alipigania mchezo mmoja, akimwandikia mfalme maombi, na kushikilia neno moja: hakuitukana dini, bali aliwafunua waifanyao dini kuwa vazi la kufichia wizi.

Wanafunzi wengi wausomapo mchezo huu hudhani ya kuwa Molière alimwigiza mnafiki. La. Mnafiki aliigizwa na mwenzake, Du Croisy. Molière alimwigiza Orgon, yule anayedanganywa. Jambo hili lina maana kubwa kwa mhakiki. Mnafiki hana nguvu peke yake. Nguvu yake hutoka kwa yule apendaye kudanganywa, apendaye kujiona mchamungu kwa kumweka mchamungu nyumbani. Molière hakusimama upande wa wajanja waliomtambua Tartuffe mapema. Alijificha chini ya meza, katika ile sehemu Orgon anaposikia kwa masikio yake mwenyewe jinsi mgeni wake anavyomtongoza mkewe, akachekwa na ukumbi mzima. Tumtazamapo Orgon chini ya meza, yatupasa tujiulize ni nani tuliyempa funguo za nyumba yetu kwa sababu tu ya maneno yake matamu.

Desturi hiyo ya kujichukulia nafasi ya mjinga aliiendeleza. Katika Bahili, L'Avare, wa mwaka 1668, alikuwa Harpagon, mzee aliyefukia fedha zake bustanini na kushuku hata watoto wake wa kuwazaa. Siku zile Molière alikuwa na kikohozi kisichopona. Hakukificha, alikiingiza katika mchezo. Harpagon akohoa, na mwanamke amtafutiaye mchumba amsifu kwa uongo ya kuwa hata kikohozi chake kina madaha. Ugonjwa wa kweli wa mchezaji ukageuzwa kuwa kicheko cha watu.

Lakini mchezo uliokuja karibu sana na mlango wa nyumba yake ni Le Bourgeois gentilhomme, ulioonyeshwa kwanza katika kasri la Chambord tarehe 14 Oktoba 1670, na ambao wasomaji wa Kiswahili walipewa na A. Morrison mwaka 1961 kwa jina la Mchuuzi Mwungwana. Jourdain ni tajiri, mwana wa mfanyabiashara wa nguo, atakaye kuwa kabaila. Ajiajiria mwalimu wa muziki, wa dansi, wa kupigana kwa upanga, na wa falsafa. Avaa vazi lenye maua yaliyoelekea chini juu, kwa kuwa mshonaji amemwambia kwamba ndivyo wavaavyo wakubwa. Wadanganyifu wamwambia kuwa baba yake hakuwa mchuuzi hata kidogo: alikuwa tu mtu mkarimu ajuaye vitambaa, akawagawia rafiki zake, nao wakampa fedha. Jourdain apokea uongo huo kwa furaha kuu. Kumbukeni sasa ya kuwa Molière mwenyewe alikuwa mwana wa mfanyabiashara wa vitambaa aliyeingia katika nyumba ya wakubwa. Na aliyemwigiza Jourdain alikuwa yeye.

Mchezo huo nausema kwa namna ya pekee, kwa sababu ulinifundisha jambo. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, mkufunzi wetu alituletea nakala kuukuu ya Mchuuzi Mwungwana, tukaambiwa tuucheze siku ya kufunga muhula. Kila mwanachuo alitaka kuwa Cléonte, kijana mwerevu apataye mchumba. Hakuna aliyetaka kuwa Jourdain. Nafasi hiyo ikaniangukia mimi. Yanipasa nikiri pia kwamba siku zile nilikuwa mchekeshaji wa bweni, na mzaha wangu uliopendwa ulikuwa kumwiga mwenzetu mmoja aliyechanganya sauti za 'r' na 'l', kama wafanyavyo wengi kwa athari ya lugha ya mama. Nilipomwiga bweni zima lilicheka. Mwenzetu huyo alizidi kunyamaza, hata ikafika wakati hakujibu swali darasani ila kwa kuandikiwa jina na mkufunzi.

Katika mchezo mwalimu wa falsafa amfundisha Jourdain kutamka irabu: afumbue kinywa hivi kwa A, akibane hivi kwa E. Usiku wa mchezo nilisimama mbele ya watu mia kadhaa, kinywa wazi kama samaki, nikifundishwa kutamka. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Katika safu ya mbele nilimwona mwenzetu yule, naye acheka kwa sauti kuliko wote. Nilijua kwa nini. Sikumkasirikia, niliona haya. Siku ya pili nilikwenda kumwomba radhi, akanipa mkono, na tangu siku ile sikumwiga tena mtu kwa matamshi yake. Leo mimi ni mwalimu, na kila mwaka nina mwanafunzi mmoja au wawili wenye ulimi wa namna hiyo.

Wahenga wetu walisema kwamba muungwana ni kitendo. Mfasiri alipolichagua neno hilo kwa jina la mchezo, alimpa msomaji wa Kiswahili ufunguo ambao haumo katika Kifaransa. Katika Kifaransa neno lile lahusu kwanza kabila la watu: waliozaliwa wakubwa. Kwetu sisi, neno muungwana, ijapokuwa zamani nalo lilihusu uzawa, leo latukumbusha adabu na matendo. Basi Mswahili amcheka Jourdain si kwa sababu mchuuzi hana haki ya kupanda, bali kwa sababu autafuta uungwana kwa mshonaji, hali mkewe, aliyebaki na nguo zake za kawaida na akili zake timamu, anao tayari.

Nisije nikadhaniwa kuwa nasifu tu. Mhakiki asiyeona kosa ni mpiga zumari. Naona makosa mawili, na yote mawili yathibitisha hoja yangu.

La kwanza ni mfalme. Molière aliwacheka matabibu, wanasheria, washairi, makabaila wadogo na wachuuzi. Hakumgusa mfalme hata kwa ncha ya kalamu. Mwishoni mwa Tartuffe, Orgon akiwa amekwisha poteza kila kitu, atokea ofisa wa mfalme na kumkamata mnafiki; mfalme, twaambiwa, ameona yote. Mwisho huo wapendeza machoni lakini ni dhaifu. Tatizo lililofungwa na wanadamu lafunguliwa na enzi, kana kwamba wenye enzi hawana wanafiki wao. Sababu yake twaijua: bila ya mfalme mchezo wenyewe usingaliruhusiwa, na mwaka 1664 mfalme alikuwa amekubali kuwa baba wa ubatizo wa mtoto wa kwanza wa Molière. Naielewa sababu, lakini kuelewa si kusamehe kila kitu. Palipo na hofu, kicheko huchagua njia.

Kosa la pili ni katika michezo yake juu ya wanawake wapendao elimu, hasa Wanawake Wataalamu, Les Femmes savantes, wa mwaka 1672. Ni kweli ya kuwa alikusudia kucheka elimu ya kujionyesha, nayo yastahili kuchekwa kwa mwanamume na kwa mwanamke. Lakini katika nchi ambayo wasichana wengi walinyimwa shule, kumcheka mwanamke kwa kitabu alichokishika ni kumpiga aliyekwisha angushwa. Tena mtu huyu ndiye aliyetuonyesha katika Shule ya Wake ubaya wa kumlea msichana katika ujinga! Tofauti ni nini? Katika Shule ya Wake alisimama mahali pa mkosaji, akamcheka dhalimu kutoka ndani. Katika Wanawake Wataalamu alijipa nafasi ya Chrysale, mume mnyonge asiyethubutu kumjibu mkewe. Ajicheka, naam, lakini kwa unyonge tu, wala si kwa dharau yake juu ya elimu ya wanawake. Waliobeba mzigo wa kicheko ni wenye vitabu. Alicheka kutoka ng'ambo ya mto, na jiwe litupwalo kutoka ng'ambo halichagui wa kumpiga.

Imebaki habari ya mwisho wake. Mwaka 1673 alitoa mchezo uitwao Mgonjwa wa Kudhani, Le Malade imaginaire. Argan ni mzima wa mwili, lakini hudhani ya kuwa yu mahututi, na hutumia mali yake yote kwa dawa na matabibu. Aliyemwigiza mzima huyu ajidhaniaye mgonjwa alikuwa mgonjwa wa kweli aliyejifanya mzima. Katika mchezo huo ndugu yake Argan amshauri akatazame michezo ya Molière ili apone ujinga wake, na Argan aghadhibika: amlaani Molière kwa kuwacheka matabibu, asema angalikuwa tabibu angalimwacha afe bila ya msaada. Maneno hayo yalitoka katika kinywa cha Molière mwenyewe, naye akikohoa.

Tarehe 17 Februari 1673 mchezo ulikuwa uonyeshwe mara ya nne. Grimarest, aliyeandika kitabu cha maisha yake mwaka 1705, asimulia kwamba mkewe na wenzake walimsihi asicheze siku hiyo, naye akajibu kuwa wako wafanya kazi hamsini waishio kwa ujira wa siku, je, watakula nini asipocheza? Alicheza. Katika sehemu ya mwisho alishikwa na mtukutiko, akauficha kwa kicheko, akamaliza. Alichukuliwa nyumbani, na usiku ule ule akafa. Hakuwahi kuikana kazi yake mbele ya kasisi, kwa hiyo alinyimwa maziko ya kawaida. Mkewe alikwenda kumwangukia mfalme, na hatimaye ikatolewa ruhusa ya kumzika usiku, bila ya ibada kubwa. Alizikwa tarehe 21 Februari kwa mwanga wa mienge, na watu wengi walifuata.

Mwaka 1680 mfalme aliamuru makundi ya wachezaji wa Paris yaungane, na ndipo ilipozaliwa Comédie-Française, ambayo hata leo huitwa Nyumba ya Molière. Kiti alichokalia katika mchezo wake wa mwisho kimehifadhiwa huko. Na lugha ya Kifaransa, iliyokuwa na wafalme na majemadari wengi, leo watu huiita lugha ya Molière: lugha ya mwana wa mwuza vitambaa aliyezikwa gizani.

Vijana wasomaji, sisi tunayo desturi ya utani. Mtani hupewa ruhusa ya kumcheka mwenzake hata matangani, penye machozi, wala hakuna amkasirikiaye. Lakini ruhusa hiyo ina sharti lake: anayetania leo, kesho hutaniwa. Acheka huku ameuacha mlango wake wazi. Akiufunga mlango wake na kuchungulia dirishani ili awacheke wapitao, hatanii tena, atusi. Naona kwamba Molière, ingawa alikuwa Mfaransa na hakuijua desturi yetu, alikuwa mtani wa watu wa nchi yake. Kila alipouacha mlango wazi alitupa mchezo ambao miaka mia tatu na zaidi haijauchakaza. Alipoufunga, alitupa mchezo wa kuchekesha tu.

Mkipewa tamthilia ya kucheza shuleni, wala msigombee nafasi ya mwerevu. Mmoja wenu na asimame aseme: nipeni mjinga. Si nafasi ndogo. Na siku nyingine, bwenini au darasani, ulimi utakapowawasha kumwiga mwenzenu kwa lafudhi yake, au kwa mwendo wake, au kwa viatu vyake, kwanza jiulizeni kama mko tayari kusimama mbele ya watu wale wale, kinywa wazi, mkifundishwa kutamka A na E, naye aliye katika safu ya mbele akicheka kuliko wote. Hujafa hujaumbika.